Ukipotea porini usifanye kama ulivyoona kwenye tivii

Nianze na mkojo maana ndo kila mtu anapoanzia. Mkikaa watu wanne mkaanza stori za kupotea porini, haichukui muda mmoja atasema "mimi ningekunywa mkojo wangu tu", na anasema kwa uhakika kabisa, na ukimuuliza kajulia wapi jibu ni lilelile, nimeona kwenye tivii. Na ni kweli kaona. Bear Grylls, yule Mwingereza wa vipindi vya kuokoka porini, kaunywa mbele ya kamera, wengine wakaja nyuma yake wakaiga, na leo vipande vya video hizo vinazunguka kwenye simu za watoto ambao kipindi chenyewe hawajawahi kukiangalia mwanzo mpaka mwisho. Mimi huwa natoka na vijana kwenda kupanda milima na kulala kwenye mahema, na kila kundi jipya halikosi mmoja mwenye hiyo elimu, kwa hiyo leo nimeona niandike yote niliyonayo moyoni maana jambo hili linanikera na pia linanitisha.

Mkojo wa mtu aliyekunywa maji ya kutosha ni maji kwa kama asilimia 95, na hapo ndo watetezi wake wanaposhikilia. Sawa, lakini mtu aliyekunywa maji ya kutosha anauhitaji wa nini? Mwenye shida ni yule ambaye ameshakaukiwa, na figo za mtu aliyekaukiwa zinabana maji, zinatoa mkojo kidogo, mzito, wa kahawia, uliojaa chumvi na yurea ambazo mwili umehangaika kuzitupa nje. Ukizirudisha ndani, figo itabidi zitafute tena maji ya kuzitolea na maji hayo hayapo, yanachotwa humohumo mwilini. Mwongozo wa jeshi la Marekani wa kuokoka porini, ule wa FM 21-76, umeuweka mkojo kwenye vitu vya kutokunywa, kundi moja na damu, pombe na maji ya bahari. Maji ya bahari nayo hesabu yake inafanana, yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita na figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, kwa hiyo kila kikombe unachokunywa kinaondoka na maji mengi kuliko yale kilichokuja nayo.

Lakini hata tukiacha habari za figo, swali lenyewe limekaa vibaya. Tivii imetuzoesha kuuliza "ninywe nini" wakati la kwanza kabisa ni "kwa nini natoka jasho". Mtu anayetembea kwenye jua kali anaweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja, akiwa anapanda mlima na mzigo mgongoni ndo zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mtafiti mmoja wa Marekani, Edward Adolph, na wenzake walipima jinsi mwili wa mwanajeshi unavyokaukiwa jangwani, na hesabu zao zimeingia kwenye miongozo mingi mpaka leo. Kwenye joto linalofika kama nyuzi 49 kivulini, mtu asiye na maji kabisa akitulia tu kivulini anategemewa kuishi kama siku mbili. Akiamua kutembea usiku, usiku jamani siyo mchana, mpaka achoke ndo apumzike, inabaki kama siku moja. Huko kutembea tu kumemla nusu ya uhai wake.

Sasa weka hapo anachofanya mtangazaji. Saa saba mchana anapanda mwamba, anakimbia kwenye mchanga, anachimba shimo la kutega mvuke kwa nailoni, na kila tone analolipata ameshalilipia kwa jasho mara kadhaa. Lile shimo la nailoni linapendwa mno kwenye video maana linaonekana la kisayansi, na sayansi yake ni ya kweli, mvuke unapanda unagonga nailoni unadondoka kwenye kikombe, ila ukichimba kwenye ardhi kavu kwa mikono au kwa kijiti jasho lako ni jingi kuliko kitakachodondoka siku nzima. Kama una maji kidogo kwenye chupa yanywe ukiwa na kiu. Watu wamekutwa wamekufa jangwani na chupa bado ina maji, walikuwa wanayabania. Kinachotakiwa kubaniwa ni jasho, yaani ukae kivulini, usivue nguo, usikae moja kwa moja kwenye mchanga unaochoma, funga mdomo, na kama lazima utembee basi iwe alfajiri au jioni.

Najua kuna watakaosema mbona yule Mwitaliano alikunywa akapona. Wanamsema Mauro Prosperi, mkimbiaji aliyepotezwa na dhoruba ya mchanga mwaka 1994 kwenye mbio za Marathon des Sables kule Morocco, akaja kuonekana Algeria baada ya siku tisa hivi, kilo zaidi ya 15 zimemtoka mwilini na ini limeathirika. Kweli alikunywa mkojo, kweli alikunywa damu ya popo, na hivyo viwili ndo watu walivyobaki navyo kichwani maana vinasisimua. Ukisoma anavyosimulia mwenyewe unakuta na mengine ambayo hakuna anayeyarudia. Alipata kijengo kitupu cha ibada akajisitiri humo na jua. Alipoondoka alitembea asubuhi mapema na jioni, mchana analala popote penye kivuli. Na alikumbuka ushauri wa Watuareg aliokuwa kaupata kabla ya mbio, kwamba ukipotea angalia mawingu ya upeo wa macho alfajiri uyafuate. Kwa maoni yangu kilichombeba ni kivuli, saa za kutembea na ushauri wa wenyeji, na mkojo ulimsindikiza tu.

Hapo ndo ninapoona tatizo lenyewe lilipo. Kamera inataka mwendo. Mtu aliyekaa chini ya mti kwa muda wa saa kumi na mbili anasubiri kutafutwa hakuna atakayemwangalia, utabadilisha chaneli, kwa hiyo kipindi lazima kimsimamishe, kimvushe mto, kimlishe funza, kimrushe kutoka kwenye jabali. Ushauri unaotoka hapo haukuchaguliwa kwa sababu unaokoa, umechaguliwa kwa sababu unaonekana vizuri. Mwaka 2007 ilitoka habari Uingereza kwamba kwenye baadhi ya vipindi vya Grylls, usiku uliodhaniwa ni wa porini alikuwa analala hotelini, na chelezo kimoja alichoonekana akikijenga timu yake ilikuwa imeshakiunda kabla ili kuhakikisha kinafanya kazi. Channel 4 na Discovery, vituo vilivyokuwa vinakirusha, ikabidi waweke maelezo kwamba anapata msaada wa timu na kwamba hali nyingine zinaandaliwa ili aonyeshe mbinu.

Watu walimcheka sana kwa ajili ya ile hoteli, mimi sikuona la kucheka. Hakuna kipindi cha tivii kinachostahili mtu afe, na kama timu ilikuwepo na kitanda kilikuwepo basi ni vizuri. Ninacholalamikia ni kwamba mbinu za mtu ambaye jioni anapata daktari, nguo kavu na chakula cha moto zimetufikia sisi kama mbinu za mtu ambaye hana hata kimoja katika hivyo. Akinywa maji machafu akaharisha, kipindi kinasimama. Wewe ukiharisha ukiwa peke yako ndo umepoteza maji yaliyobaki mwilini. Na haya maelezo yanapita kwenye kioo sekunde chache mwanzoni halafu kipande kinachokatwa na kusambazwa mtandaoni hakinayo kabisa.

Kuna walioonyesha tofauti. Les Stroud, Mkanada, alianza kipindi chake 2004 na alikuwa anabeba kamera zake mwenyewe, anakaa peke yake kama siku saba na timu ya usalama ikiwa mbali. Unamwona amekaa. Unamwona moto umemgomea, ana njaa, amechoka, hasira zimempanda, usiku hauishi. Kama lazima uangalie tivii angalia ya namna hiyo, angalau utaona kwamba sehemu kubwa ya siku ya mtu aliyepotea ni kutunza nguvu na kutunza akili.

Turudi kwenye kuruka. Kuruka majabali, kuteleza kwenye theluji, kuning'inia kwenye mizizi, kukimbia mteremkoni, haya ndo yanayoniumiza zaidi maana vijana wanayaiga hata siku ambayo hawajapotea. Mguu ukitenguka mjini ni barafu na wiki mbili za kuchechemea. Ukitenguka porini, kutoka hapo wewe ni mtu asiyeweza kufuata maji, asiyeweza kukusanya kuni, asiyeweza kukimbia mvua, na wenzako wote wamekuwa wafungwa wa mguu wako. Nimeona watu wenye afya kuliko mimi wakibebwa kwenye machela saa nyingi kwa sababu ya jiwe moja walilolirukia wakati lingezungukwa kwa dakika mbili. Mtu mwenye uzoefu ukimwangalia porini anatembea polepole mpaka unaboreka.

Na maji ya baridi ndo usiseme. Tunaona mtu anavua nguo anaingia kwenye ziwa la barafu anatoka anapiga pushapu anavaa anaendelea, na mtazamaji anabaki akifikiri ni suala la roho ngumu. Maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa ya baridi ileile kwa kama mara 25. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amejiingiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, na anafundisha hesabu ya moja, kumi, moja: una kama dakika 1 ya kutuliza pumzi maana mwanzoni unahema ovyo na ukivuta maji umezama palepale, una kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na una kama saa 1 kabla fahamu hazijapotea kwa baridi. Zile dakika kumi ndo za kutokea kwenye maji. Sasa mtu amepotea, amechoka, ana begi, amefika kwenye mto wa mlimani anataka kuuvuka kwa kuogelea kwa sababu kaona mtu akifanya hivyo. Asivuke. Arudi alikotoka au akae.

Halafu kuna hili la kufuata mto ushuke nao mpaka ufike kwa watu. Kuna siku tulikuwa mlimani na vijana ukungu ukashuka ghafla, ukungu ule humwoni mtu wa tatu kwenye mstari, na njia ikapotelea kwenye mawe. Palepale kijana mmoja akasema tufuate kijito, maji lazima yafike kwa watu, nimeona. Wenzake wakaanza kuvaa mabegi. Nikawaambia hapana, kaeni, vaeni kila nguo ya joto mliyonayo, kalieni mabegi msikalie mawe, toeni karanga. Walinuna kweli, kijana aliyejawa na hofu kumwambia kaa ni kama kumtukana, anataka afanye kitu. Baada ya kama saa mbili ukungu ukainuka na alama ya njia tukaiona pembeni yetu tu, na yule kijana akaenda na mwenzangu kuangalia kijito kinaelekea wapi. Kinaingia kwenye korongo halafu kinaporomoka. Alirudi kimya.

Mito ya milimani ndivyo ilivyo, inatafuta njia fupi ya kushuka na njia fupi ya kushuka ni poromoko. Kingo zake zina mawe ya utelezi, mimea imesongamana, hewa ni ya baridi na unyevu, na kuna jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa kwenye kipindi hata kimoja: mto una kelele. Ukiwa kando yake humsikii anayekuita na yeye hakusikii.

Lakini yule binti wa Peru? Juliane Koepcke, ndiyo. Mkesha wa Krismasi 1971 ndege ya LANSA namba 508 ilivunjika angani kwenye dhoruba, akaanguka kutoka kama kilomita 3 juu akiwa bado kafungwa kwenye kiti, alikuwa na miaka 17, akafuata kijito siku nyingi na siku ya 11 akakutana na wakata miti waliomwokoa. Stori hii inatajwa kila mara mtu anapotetea kufuata mto. Ila Juliane wazazi wake walikuwa wanazuoni wa wanyama, alikuwa kaishi nao kwenye kituo chao cha utafiti, Panguana, ndani ya msitu huohuo wa Amazon, ardhi ya tambarare, na baba yake alimfundisha habari za kufuata maji katika nchi ile. Na sikia hili, siku zote hizo chakula chake kilikuwa ni pipi alizozipata kwenye mabaki ya ndege. Hakukimbilia kula kila tunda aliloliona maana alijua msitu ule una sumu nyingi. Kwa hiyo ukitaka kuiga Juliane, iga kulijua eneo kabla hujaingia, na iga kufunga mdomo.

Maana kwenye kula ndo tivii imetuharibu kabisa. Mtu anapotea saa nne asubuhi, saa nane anaanza kufikiria kula panzi. Binadamu mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula, atateseka lakini ataishi, wakati bila maji ni siku chache na kwenye baridi kali bila kujikinga ni saa chache. Wengi wanaopotea wanapatikana ndani ya siku moja au mbili, hivyo njaa haiwaui. Kinachoweza kuwaua ni kile walichokula kwa hofu ya njaa. Mwaka 2010 kule Australia kijana mmoja alikula konokono asiye na gamba kwa kutaniana na marafiki, ndani yake kukawa na mnyoo wa mapafu ya panya, ukapanda kwenye ubongo, akapooza, akafariki 2018. Hakuwa hata amepotea. Ule uyoga unaoitwa Amanita phalloides walioula na kupona wengi wanasema ulikuwa mtamu, kupika hakuuondolei sumu, na dalili zinaanza saa sita mpaka kumi na mbili na zaidi baadaye wakati ini tayari linashambuliwa. Ile njia ya kujaribu mmea kidogokidogo, unapaka kwenye ngozi unasubiri, unagusisha mdomo unasubiri, inachukua karibu siku nzima kwa mmea mmoja, na kwa uyoga haifai kabisa. Nyama nayo inahitaji maji mwilini ili kuimeng'enya, na wewe maji huna. Kama huna uhakika usile, tulia na njaa yako.

Maji machafu ni habari nyingine na hapa nakubaliana kidogo na watu wa tivii. Ukiwa na njia ya kuchemsha, chemsha, yakitokota kwa nguvu dakika 1 inatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000 acha dakika 3 maana huko maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi. Vidonge vya klorini navyo vinafaa kwa vijidudu vingi, subiri kama nusu saa. Ila kama huna moto wala kidonge na unakaribia kuzimia, kunywa. Vimelea kama giardia vinachukua wiki moja au zaidi kukuumiza, na ukiwa umeshaokolewa vinatibika. Kukaukiwa hakukupi wiki.

Nyoka sasa. Hapa naomba msomaji usiruke. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 wanaumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 wanafariki, na wanaokatwa viungo au kupata ulemavu wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Mwaka 2017 shirika hilo liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Na bado mpaka leo filamu na vipindi vinaonyesha mtu anachana jeraha kwa kisu, ananyonya, anatema, anafunga kamba kali juu ya mguu, na mgonjwa anasimama. Sumu ikishaingia haikai kwenye tundu inakusubiri uinyonye. Kuna utafiti wa mwaka 2004 uliojaribu ile pampu ndogo ya kunyonyea inayouzwa madukani, wakatumia kimiminika cha majaribio badala ya sumu, ikatoa asilimia 0.04. Kwa mdomo sitaki hata kufikiria. Ukichana unaongeza damu na vijidudu, na sumu nyingine zinazuia damu isigande, kwa hiyo umemfungulia bomba mwenzako. Ukifunga kamba mpaka damu isipite, sumu inayokula nyama imebaki sehemu moja inaila, na kuna watu wamekatwa mguu kwa ajili ya ile kamba.

Kinachotakiwa hakina mbwembwe. Toka alipo nyoka, usimfukuze wala usijaribu kumkamata umpeleke hospitali. Mlaze mtu, mtulize, mkono au mguu usitikisike kabisa, ufunge na kijiti ulale tuli kama uliovunjika. Vua pete, saa, viatu, chochote kinachobana kabla uvimbe haujaja. Angalia saa ilikuwa ngapi. Halafu mpelekeni akiwa kabebwa kama inawezekana, maana misuli inayofanya kazi ndo inayosukuma sumu, na huko hospitali dawa inayopambana na sumu yenyewe ni moja tu, dawa maalumu ya kupinga sumu ya nyoka. Usimpe pombe. Na kabla ya yote hayo, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, tochi usiku, na usitie mkono mahali ambapo macho hayajafika.

Mengine nayapitia haraka. Vile vimimea laini vya kijani vinavyotanda kwenye gome la mti havionyeshi kaskazini, vinaota penye unyevu. Vidole vilivyoganda kwa baridi havisuguliwi na theluji, unavunja nyama iliyoganda, na usiviyeyushe kama bado kuna hatari ya kuganda tena. Pombe haipashi mwili joto, inaleta damu kwenye ngozi unahisi joto huku joto la ndani linaondoka. Maji ya ndani ya kaktasi nyingi yanaleta kichefuchefu na kuhara.

Sasa kukaa. Mwaka 1981 mtoto wa miaka tisa alipotea kwenye mlima wa Palomar, California, akatafutwa na mamia ya watu, akaja kupatikana amefariki kwa baridi. Waliomtafuta, mmojawapo mfuata nyayo Ab Taylor, waliumia sana, wakaanzisha mpango wa kuwafundisha watoto kwamba ukigundua umepotea kumbatia mti. Chagua mti mmoja ukae nao, uongee nao ukitaka, usiondoke. Kwa sababu mtoto akikaa eneo la kutafuta halikui, akitembea linakua kila saa na anaweza kuingia hata pale walipokwishapekua. Mtu mzima ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba mtu mzima ana aibu na anaona kukaa ni kushindwa.

Ila kukaa bila kuonekana hakutoshi na hili lazima niliseme. Julai 2013 mama mmoja wa miaka 66 aliyekuwa akitembea njia ya Appalachian, jimbo la Maine, Marekani, alitoka njiani kwenda kujisaidia akashindwa kurudi. Aliandika meseji kwa mumewe, mtandao haukuwepo, hazikuenda. Akapanda sehemu ya juu kutafuta mtandao, akaweka hema, akasubiri wiki kadhaa. Mabaki yake yalipatikana Oktoba 2015, chini ya kilomita 3 hivi kutoka kwenye njia, mahali penye miti iliyofunga juu ambapo wa angani wasingemwona. Kifaa chake cha kutuma mahali alipo kwa setilaiti alikuwa amekiacha kwenye nyumba aliyofikia. Kila nikisoma habari yake naumia upya, mama wa watu alikuwa mtulivu, alivumilia, alichokosa ni kuonekana na kusikika. Kwa hiyo kaa, lakini kaa karibu na uwazi, tandaza kitu cha rangi kali, panga mawe au matawi alama kubwa ya V kama unahitaji msaada au X kama kuna mgonjwa. Filimbi ivae shingoni siyo kwenye begi, puliza mara tatu, pumzika, rudia, sauti ya mtu inakauka baada ya muda mfupi lakini filimbi haichoki. Kioo kidogo kikipigwa na jua kinaonekana kilomita nyingi. Simu izime uiwashe kwa vipindi, na jaribu meseji maana wakati mwingine inapenya pale ambapo kupiga kumeshindikana.

Na kama safari zako ni za mbali, nunua au azima kile kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz kinachoongea na setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa uokoaji. Mfumo huo umeanza kuokoa watu tangu 1982 na waliookolewa kupitia huo wamepita 50,000 duniani. Sijawahi kuona mtangazaji akikivaa kifuani na kusema jamani hiki ndo kisu changu.

La mwisho ni Aron Ralston, yule mpanda milima wa Marekani. Kila mtu anajua alikata mkono wake mwenyewe mwaka 2003 baada ya jiwe kumbana kwenye korongo la Bluejohn, Utah, na vijana wananiuliza kisu kilikuwa cha aina gani. Mimi nawauliza nani alijua yuko wapi. Hakuna, hakumwambia mtu anakwenda korongo gani, na yeye mwenyewe amelisema hilo wazi. Alibanwa siku tano na zaidi bila mtu yeyote kujua aanzie wapi kumtafuta.

Kwa hiyo kundi langu haliondoki kabla karatasi haijabaki kwa mtu. Inaandikwa majina, njia ipi ya kwenda na ipi ya kurudi, gari litaachwa wapi, rangi za makoti na mahema, nani ana pumu au dawa za kila siku, na saa ya kurudi, halafu chini yake saa nyingine ambayo ikipita bila simu yetu huyo mtu anapiga kwa waokoaji. Na hapa naongea na wewe unayebaki nyumbani na hiyo karatasi. Ikifika hiyo saa piga. Usisubiri asubuhi, usiogope kuonekana una presha, usiseme labda betri imeisha. Tukija kukupigia baada ya nusu saa kwamba tulichelewa tu njiani, waokoaji watasimamishwa na hakuna atakayekugombeza, mimi wa kwanza nitakushukuru.